Jina Nililolifanya Neno la Siri

Wiki iliyopita nilipita ofisi moja pale Mbulu mjini kufuatilia karatasi za kiwanja changu. Kijana wa mezani alinipa shikamoo vizuri, akanivutia kiti, nikasema moyoni huyu kalelewa. Mara kwenye kompyuta yake kikachomoza kile kijisanduku mnachokijua: masasisho yapo tayari, uyaweke sasa au baadaye? Kijana hakusoma hata neno moja. Kidole kikabonyeza "baadaye" kama mtu anayefukuza nzi.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo baadaye ni lini?"

Akacheka. "Mzee, hivi vitu vinasumbua tu."

Mungu anisamehe, nilitamani nimchape na fimbo yangu. Nilinyamaza kwa sababu karatasi zangu zilikuwa mkononi mwake. Lakini nilirudi nyumbani nimekasirika, na mke wangu akaniambia hasira hizo nikaziandike, nisimalizie kwake. Basi haya ninayaandika kwa ajili ya kijana yule na wenzake wote.

Mimi ni Tluway, wa Masieda, kijiji cha huku Mbulu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa mashine za ofisi, nusu ya kwanza taipureta, nusu ya pili kompyuta. Sasa nimestaafu. Nina ng'ombe wanne, mgongo mbovu, na mdomo ambao mke wangu anasema wenyewe haujapata barua ya kustaafu.

Kazi nilifundishwa na Bwana Lazaro, fundi wa taipureta wa Arusha, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Alikuwa na sheria moja tu: "Kabla hujaigusa mashine, muulize aliyeikalia. Yeye ndiye anayeshinda nayo." Mimi nilikuwa kijana, najiona najua. Siku moja nilitumwa ofisi ya tarafa, taipureta haigongi herufi ya a. Nikaifungua yote, vyuma vimejaa meza nzima kama nyama ya kugawana. Saa mbili natafuta. Karani akarudi kutoka kunywa chai, akasema, "Ahaa, ile a? Mwanangu aliichomekea njiti ya kiberiti, nilikuwa namngoja fundi aitoe." Bwana Lazaro aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Ungemuuliza."

Nilidhani nimejifunza. Subirini.

Kompyuta zilitujia miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Kila kitu kilikuja kwa fujo: mitumba, simu, malori ya wanunuzi wa ng'ombe kutoka mbali. Kisha mkoa wetu wa Manyara ukakatwa kutoka Arusha, makao makuu yakawa Babati, na mimi nikapewa mzunguko wa Babati, Mbulu na Hanang. Mnisikilize vizuri hapa, maana hamtaamini. Masasisho haya mnayoyafukuza kwa kidole, mimi niliyabeba kwa basi. Naam, kwa basi! Nilikwenda Arusha, nikapewa sidii, vile visahani vya kung'aa vya kompyuta, nikazifunga ndani ya sweta, nikazipakata kama mtoto mgonjwa njia nzima, mashimo yote na tope lote. Safari moja basi lilikwama njiani siku mbili. Nilipofika na sidii zangu, nikaambiwa ugonjwa mwingine wa kompyuta umeshatoka na dawa niliyobeba haiutibu. Nilikaa juu ya ngazi za ofisi nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo fikirini nilivyokuwa siku ile Katesh, katika ofisi moja ya mifugo, mradi ulipoweka dishi la intaneti juu ya bati. Niliunganisha waya, nikabonyeza nilivyoelekezwa, nikakaa. Mstari mdogo wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Nje, mlima Hanang ulikuwa umejifunika mawingu kama kawaida yake. Ndani, kile kile nilichozoea kukifunga kwenye sweta kilikuwa kinashuka chenyewe kutoka juu, kimya, hakina nauli wala kondakta. Nilivua kofia. Sijui kwa nini nilivua kofia, hakuna aliyekuwa anaomba sala, lakini niliivua.

Baada ya mshangao ikaja hofu. Katika mipangilio palikuwa na machaguo manne. La kwanza: mashine ijisasishe yenyewe, kila siku, saa fulani. La pili: iteremshe, wewe uamue kuweka. La tatu: ikuarifu tu. La nne: isifanye lolote. Mtu mwenye akili angechagua la kwanza. Mimi nikasema, hebu! Mashine ijibadilishe tumbo lake wakati sipo, kwa ruhusa ya nani? Nikachagua ikuarifu tu, na kazi ifanyike kwa mkono wa mtu, kwa neno la siri. Kiburi cha fundi, vijana, ni ugonjwa ambao sidii yake haijatoka mpaka leo.

Sasa niwaambie ndani ya kompyuta ile mlikuwa na nini. Mlikuwa na daftari la chapa. Wafugaji wa kule tambarare kila ukoo una alama zake, chapa ya moto ubavuni na namna ya kukata sikio. Malori yalipoanza kuja mnadani, na wezi walikuja nyuma yake. Ofisi ikaamua kuchora kila alama na jina la mwenyewe, ziingizwe kwenye kompyuta. Siku ya mnada, ng'ombe ambaye alama yake haifanani na ya muuzaji hapandi lori. Ng'ombe hawezi kusema mimi ni wa nani. Daftari lile lilimsemea.

Mwanzoni wafugaji walikataa. Walisema wazungu walishaandika vitu vyao vikapotea. Akaja mzee mmoja, mrefu, mkimya, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Akasema, "Andikeni yangu kwanza. Ikipotea, ipotee yangu." Wengine wote wakafuata. Jina la mzee huyo sitaliandika hapa, na mbele mtaelewa kwa nini.

Aliyekaa kwenye kompyuta hiyo aliitwa Udagwenda. Mabinti wa wafugaji wa tambarare waliofika kidato cha nne walikuwa wachache, na wa kukaa ofisini mbele ya kibodi, pale alikuwa yeye wa kwanza. Mkuu wa ofisi, tuliyemwita Bwana Mifugo, alikuwa mtu wa haki ila mwenye haraka. Alisema, "Tumpe nafasi, tuone." Wengine walisema bila hata kushusha sauti, "Hao watakaa ofisini? Mvua ikinyesha kwao atafuata ng'ombe." Udagwenda alikuwa anasikia. Kijijini kwao kulikuwa na mabinti wengine wawili wanamaliza shule, na wazazi wao walikuwa wanangoja kuona yake yataishaje. Akishindwa, wanaolewa mwaka ule ule. Alijua hilo kila asubuhi akiondoa kitambaa juu ya kompyuta.

Nilimfundisha kazi mwenyewe. Nikamwambia, "Kila Ijumaa saa nne, ondoka kwenye jina lako, ingia kwa jina la msimamizi, andika neno la siri, kubali masasisho, subiri yaishe." Kisha nikainama nikamwambia neno lenyewe. Lilikuwa jina la yule mzee. Nikaongeza kwa kujisifu, "Nimemheshimu. Bila yeye daftari hili lisingekuwepo."

Udagwenda aliinamisha macho kwenye kibodi. Akasema, "Nimesikia, Fundi Tluway."

Nikaondoka nafurahi. Hakusema nitafanya. Alisema nimesikia. Bwana Lazaro angelisikia hilo angenipiga kofi.

Mwaka haujaisha, Bwana Mifugo akanipigia simu Babati. Sauti yake ilikuwa juu. "Fundi, njoo! Kompyuta inahesabu kurudi nyuma!"

"Inahesabu nini?"

"Sitini, hamsini na tisa, hamsini na nane... Ikifika sifuri inajizima! Ukiiwasha inaanza tena! Na mnada ni Jumamosi!"

Ilikuwa Jumatano. Nilifika Katesh mchana nikaikuta hivyo hivyo alivyosema. Kijisanduku kinashusha sekunde, watu wamesimama nyuma yake wanatazama kama watu wanaotazama nyoka. Nilishausikia ugonjwa huo. Ulipita kwenye tundu moja ndani ya mfumo, na kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimeshatolewa siku nyingi, kipo, bure, kinangoja tu mtu akikubali. Nikachomoa waya wa dishi, mashine ikatulia kidogo. Nikafungua orodha ya masasisho. Ya mwisho ilikuwa ile niliyoiweka mwenyewe siku ya kofia. Baada ya hapo, hakuna kitu.

"Udagwenda, ulifanya kila Ijumaa?"

"Hapana."

"Ulisahau neno la siri?"

"Sikusahau."

"Sasa kwa nini?"

Nikauliza tena, kwa sauti ya juu, mbele ya watu wote. Bwana Lazaro aliniambia niulize, na mimi niliuliza, lakini niliuliza kama polisi. Mtu akiulizwa kipolisi hajibu, anajikinga tu. Akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, kuna jambo nilitaka kukuambia kabla hujagusa chochote."

"Subiri kwanza," nikasema. "Mambo baadaye."

Ndiyo, mimi pia nilisema baadaye.

Nikaifuta kompyuta yote. Nilikuwa na uhakika, maana begi langu lilikuwa na sidii yenye nakala ya daftari niliyoitengeneza mwenyewe. Mashine ikawa safi, nikaweka mfumo upya, nikaitumbukiza sidii. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Nikaitoa nikaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa tupu. Siku ile niliyodhani nimeichoma nakala, sikuwa nimeichoma. Nikaona uso wangu kwenye sidii ile, jasho limenitoka, nikatamani ardhi ipasuke.

Bwana Mifugo akauliza, "Fundi, daftari liko wapi?"

Vijana, nitawaambia ukweli, maana nimezeeka na uongo unachosha. Sikusema nimelifuta. Nilisema, "Kama masasisho yangewekwa kila Ijumaa, haya yote yasingetokea." Na nikamtazama Udagwenda. Wote wakamtazama.

Bwana Mifugo akaniambia, "Kuna taipureta stoo. Itengeneze. Nataka kuandika barua." Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe, kwa nusu saa taipureta ikawa inagonga vizuri kabisa, hata a. Akaanza kuchapa kwa vidole viwili barua ya kumwachisha kazi Udagwenda. Yeye alikaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta tupu, mikono mapajani.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia yule mzee. Habari tambarare hukimbia kuliko gari. Ana shuka lake, ana fimbo yake. Tukasimama wote tukampa shikamoo. Udagwenda aliinuka haraka, akasogea pembeni, akageuza uso ukutani. Niliona. Nikadhani ni aibu.

"Nasikia chapa yangu imepotea," mzee akasema.

Nikakimbilia kujitetea. "Mzee, mashine ilikuwa na kufuli. Na ufunguo wa kufuli lile ni jina lako, nililiweka mimi kwa heshima. Kazi ya binti huyu ilikuwa kuliandika kila Ijumaa. Hakuliandika hata mara moja!"

Mzee alinigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno analiweka chini kabla ya kuchukua lingine.

"Fundi. Wewe ulimpa mke wa mwanangu jina langu, alipige kwa vidole kila Ijumaa?"

Bwana Mifugo, aliyekuwa amerudi kwenye barua yake, akaacha kuchapa.

Mama yangu! Mimi ni mtu wa Masieda, watu wa tambarare ni majirani zetu tangu mababu. Nilikuwa naijua desturi hiyo. Kwao mwanamke akiolewa, kwa heshima halitaji jina la baba mkwe wake, halitamki mpaka anakufa, na hata maneno yanayolikaribia anayazunguka, na mkwe mwenyewe hamtazami usoni. Niliijua kama watu wengi wanavyoujua mlima Hanang, kwa kuuona kutoka mbali. Kwamba binti aliyekaa mbele yangu alikuwa ameolewa nyumba ya mzee yule, sikuuliza. Asingeweza kulitamka jina lile, na kuliandika kwa vidole vyake aliona ni yale yale. Asingeweza hata kumwomba mwenzake amsaidie, maana angelazimika kumwambia neno ni lipi. Na angeniambia mimi sababu, ofisi nzima ingesema, mnaona? Tuliwaambia hao na mila zao hawawezi kazi ya ofisi. Nilimfungia mlango pande zote, kisha nikamlaumu hakutoka.

Mzee, bila kumtazama, akauliza upande ule wa ukuta, "Hata mara moja?"

"Hata mara moja, baba," ukuta ukajibu.

"Mm," mzee akasema. Ilikuwa "mm" ya mtu aliyepewa kitu kikubwa na hana pa kukiweka.

Nikaenda kwenye taipureta nikaichomoa ile barua. "Bwana Mifugo, jina ulilochapa hapa silo. Chapa langu. Neno la siri lilikuwa kosa langu, na daftari nimelifuta mimi, kwa mkono huu."

Alinikodolea macho. Akasema, "Hata nikiandika lako, Fundi, Jumamosi tunawaambia nini watu? Daftari halirudi."

Udagwenda akasema, bado anatazama ukuta, "Daftari lipo."

Mzee akatoka nje kwa makusudi, ampe nafasi ya kusema, ndipo Udagwenda akageuka. "Nilitaka kukuambia kabla hujafuta. Lile la Ijumaa nilijua siliwezi. Nikajua mashine haina kinga. Basi kila Ijumaa saa nne, badala ya lile nisiloliweza, nilifanya hili ninaloliweza. Nilinakili daftari lote mara tatu, kila nakala disketi nne, nikazipeleka."

"Ukazipeleka wapi?"

Akanitazama kama nimeuliza maji yanatoka wapi. "Kwa watu. Nani analaza ng'ombe wake wote zizi moja?"

Jamani. Nilisomea kazi hii Arusha. Nina vyeti. Na sisi wenyewe Masieda tunaweka ng'ombe kwa marafiki, wawili huku, watatu kule, ili ugonjwa ukiingia boma moja usikumalize. Baba yangu alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo mpaka leo. Na haikunijia hata siku moja kwamba disketi ni ng'ombe.

Tulichukua Landirova ya ofisi asubuhi yake. Kijijini Gendabi tulifika nyumba ya wakulima, watu wa kanisa, ambao nyumba ya mume wa Udagwenda huweka mitamba kwao. Mama wa nyumba akatoa kopo chini ya mahindi ya mbegu, ndani mna khanga iliyofungwa, ndani ya khanga disketi nne. Akasema, "Hata watoto sikuwaruhusu wazishike." Hakujua ni kitu gani. Alijua ameaminiwa. Kijiji cha pili, Gitting, zilikuwa kabatini pamoja na kitabu cha nyimbo, na baba wa nyumba ile, akizikabidhi kwa mikono miwili, akauliza, "Je, zimezaa?"

Udagwenda hakucheka. "Zimezaa, baba," akajibu. "Kila Ijumaa."

Seti ya tatu ilikuwa kwa mama yake mzazi, hatukuihitaji. Ofisini nikaingiza za Gitting. Ya kwanza ikasoma. Ya pili ikasoma. Ya tatu ikaanza kulia krrr, krrr, na moyo wangu ukalia pamoja nayo. Imekufa. Udagwenda akanipa ya tatu ya Gendabi bila kusema neno. Ikasoma. Alama zikaanza kutokea kwenye kioo moja baada ya nyingine, mishale, miduara, masikio yaliyokatwa, koo zote za tambarare zinarudi nyumbani. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya yule mzee. Nilitafuta kofia nivue nikakuta nimeshaivua tangu Gitting. Chapa za siku za mwisho ambazo hazikuwa kwenye disketi, Udagwenda alizichora kutoka kichwani. Jumamosi mnada ulifanyika, na wanunuzi hawakujua lolote.

Jioni ya Ijumaa ile ile, kabla ya mnada, nilimeza kiburi changu na kuchagua la kwanza. Mashine ijisasishe yenyewe, bila kuomba neno la mtu. Nikaondoka nimetulia. Baada ya wiki mbili nikapiga simu, hakuna kilichoingia. Nikarudi Katesh nimekasirika, tayari kuanza kufungua vyuma. Nikakumbuka njiti ya kiberiti. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na Udagwenda, nikamuuliza polepole, "Wewe unaonaje?"

"Umeweka saa ngapi?"

"Iliyokuja nayo. Saa tisa usiku."

"Mlinzi anazima meni swichi saa kumi na mbili akifunga geti. Kwa ajili ya radi."

Haya, andikeni hilo. Mashine inayojisasisha yenyewe bado inahitaji umeme, na saa iliyokuja nayo ilipangwa na watu ambao walinzi wao hawaogopi radi. Tukaweka saa nne asubuhi, saa ya chai. Siku ya kwanza tulisimama ofisi nzima na vikombe mkononi. Saa nne kamili, hakuna aliyegusa kitu, kile kijisanduku kikatokea pembeni. Mstari ukatambaa. Mtu ambaye hatumjui, nchi ambayo hatutaifika, alikuwa amekaa akatafuta tundu kwenye ukuta wetu kabla ya mwizi kuliona, akaliziba, na hakututumia hata salamu. Hajui Katesh iko wapi. Bwana Mifugo akasahau chai yake ikapoa. Ndicho mnachokifukuza kwa kidole, watoto wangu.

Barua niliipata, ya onyo, na niliistahili. Udagwenda alibaki. Wale mabinti wawili mmoja sasa ni mwalimu, mwingine yuko maabara ya mifugo. Neno la siri jipya la msimamizi alilichagua Udagwenda mwenyewe. Alipokuwa analiandika, mimi niligeuza uso nikatazama ukuta.

Lakini tangu siku ile hakuniita tena Fundi Tluway. Nikawa "Fundi wa Masieda." Miaka na miaka, Fundi wa Masieda shikamoo, Fundi wa Masieda karibu chai. Wengine wote waliniita kwa jina. Nikasema, basi, bado ana kinyongo, na haki anayo. Nilikubali.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ndogo pale Katesh. Udagwenda wakati huo ndiye msimamizi wa kumbukumbu zote za ofisi. Alisimama akanisemea muda mrefu, maneno mazuri ambayo siyarudii, na hakulitaja jina langu hata mara moja. Watu walipokwenda kwenye chakula nikamfuata.

"Mwanangu," nikasema, "mimi ni mzee sasa. Kama bado una kinyongo, nisamehe leo, niende na msamaha wako nyumbani."

"Kinyongo cha nini?"

"Tangu siku ile hujanitaja jina."

Aliinamisha macho, vile vile alivyoyainamisha siku ile kwenye kibodi.

"Kuna majina mawili siyataji," akasema. "Moja nilipewa na ndoa. Lingine nililichagua mwenyewe."

Nilikuwa nimeshika chupa ya soda. Niliishika mpaka ikapata joto mkononi.